Kiti cha Bibie

4 Februari

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na ile karakana yako bado inavuja pale juu ya mashine? Sisi huku tunapumua. Baba Bibie bado yuko kule wanakotengeneza barabara, leo simu yake inapatikana, kesho haipatikani. Wewe nawe simu umeikataa, eti inakuchagulia muda wa kuongea, basi nimenunua karatasi.

Bibie hajambo. Ametimiza miaka mitatu na anacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Nikivaa ile kanga ya njano anaifuata kwa macho kila ninapokwenda.

Sasa shangazi, nina shida. Yule jirani aliyekuwa akinikalia na mtoto amehama. Kazi yangu unaijua, ni kupiga pasi mashati ya watu pale kwa dobi, kusimama kutwa, mvuke usoni. Nilimbeba Bibie mgongoni mara moja tu, bosi akaja juu: "Siku pasi ikimgusa huyo mtoto nitafungwa mimi, siyo wewe!" Mwisho wa mtaa wetu kuna mama mlezi wa watoto. Nimemwendea. Akaniambia, "Mimi nina mikono miwili na chumba kimejaa. Anayeingia hapa anakaa mezani mwenyewe na wenzake, anakula. Wa kupakatwa kutwa simuwezi, mwanangu, nisije nikakudanganya."

Na wifi yangu naye, dada wa baba Bibie, amesikia kuna nyumba ya watoto, mbali, wanakolelewa watoto kama Bibie. Unakwenda kumwona siku wanayokuruhusu. Anasema mvua zikiisha atakuja na gari amchukue, mimi nipumzike. Nilimwitikia, lakini kwa mdomo tu.

Kwa hiyo nahitaji kiti. Nimekwenda mpaka duka la samani. Muuzaji akanionyesha cha plastiki chenye picha ya sungura, akasema hicho mama wote wanakipenda. Nikakibonyeza kikayumba. Kingine cha mbao kinang'aa, kizuri jamani, lakini pembeni wazi, mbele wazi. Nikauliza, hakuna cha kumshika mtoto huku na huku? Akasema, "Mama, unatafuta kiti au unatafuta yaya?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Bibie bado hajapata nguvu za kukaa vizuri, ni mvivu kidogo tu. Wewe umetengeneza makochi maisha yako yote. Nitengenezee kiti kimoja kidogo, shangazi. Mlezi akimwona amekaa atampokea.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nakubusu mikono.


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha kwamba upo. Karakana inavuja lakini nimeihamisha mashine, sasa yanamdondokea fundi Randa, yule seremala wangu wa fremu, naye anasema afadhali, anaoga bila kulipia maji.

Juzi alikuja bwana mmoja anataka makochi makubwa kama ya hotelini. Nikamwuliza, sebule yako ina ukubwa gani? Akasema, we mama tengeneza tu. Tukatengeneza. Tulipoyapeleka hayakupita mlangoni. Tukang'oa dirisha. Yakaingia, na sasa mkewe akitaka kwenda jikoni anapanda juu ya kochi na sufuria yake mkononi. Nimekuambia ucheke kidogo, na pia ujue kwamba watu wengi hununua kitu cha kutazamwa na wageni, halafu wao wenyewe wanakaa chini.

Kiti nitakitengeneza. Usiniambie habari ya rangi. Nataka vipimo. Kutoka matakoni mpaka nyuma ya goti. Kutoka goti mpaka unyayo. Upana wa nyonga. Kutoka anapokalia mpaka kwapani. Usitumie rula maana nakujua, namba na wewe mligombana tangu darasa la tatu. Pima kwa nyuzi, kila kipimo rangi yake, zitie kwenye bahasha.

Halafu nijibu haya bila kuzunguka: kichwa chake anakishika? Ukimkalisha anaangukia upande gani? Miguu inanyooka? Huo unaouita uvivu mimi siuelewi. Mtoto mvivu ni yule anayetumwa dukani akajifanya amelala.

Msalimie mjukuu wangu.

Shangazi


9 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu, hasa yule mke na sufuria. Baba Bibie alipiga simu, anasema wanalala kwenye mahema na mbu wa huko wana meno. Anamsalimia kila mtu. Nilimwekea Bibie simu sikioni, akasikia sauti ya baba yake, akatoa lile licheko lake, baba mtu akaomba nimwekee tena.

Nyuzi hizo hapo. Nyekundu ni paja, bluu ni mguu wa chini, nyeupe nyonga, na nyeusi ni mpaka kwapani. Nimezikata vizuri, nimezipima mara mbili.

Bosi ameniambia ananivumilia kwa sasa. Namwacha Bibie kwa huyu na yule. Leo kwa muuza mkaa, kesho kwa binti wa mwenye nyumba, ambaye anamlaza sakafuni na kuangalia simu. Nikitoka kazini narudi mbio, viatu mkononi.

Najua umesema nisitaje rangi lakini kama kuna kipande chenye maua, hata kidogo, hapo mgongoni, Bibie atafurahi. Anapenda sana maua. Na usiku siku hizi analala vizuri, na nywele zimeota, utazipenda.

Fanya haraka kama unaweza, shangazi. Mvua zimeanza lakini si nyingi kama mwaka jana.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima. Fundi Randa kajikata kidole, kidogo tu, lakini kakifunga kitambaa kikubwa ili aonewe huruma, na wanawake wa mtaa huu wanamletea chai.

Kiti nimekipakia leo kwenye basi la mizigo, nimemkabidhi utingo mwenyewe, nikamwambia akikikalia njiani nitajua. Ni cha mbao ngumu, hakiyumbi. Sponji nimeiweka nene chini na nyembamba mgongoni. Maua yapo, uyatazame wewe, maana mtoto atayapa mgongo.

Nimekijenga juu ya nyuzi zako. Ni nyuzi za mtoto aliyenyooka vizuri. Kuhusu kichwa hukunijibu. Kuhusu upande anaoangukia hukunijibu. Uliniandikia habari za nywele.

Shangazi


19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Samahani, leo sina salamu ndefu.

Kiti kilifika. Jamani shangazi ni kizuri, majirani waliingia mmoja mmoja kukishika. Nikambeba Bibie na kiti mpaka kwa mlezi. Wifi alikuwa amekuja kututembelea, akafuatana na sisi. Nikamkalisha Bibie mezani mbele ya wale watoto wote. Nikaondoa mikono.

Aliteleza kama uji unavyomwagika. Kiuno kilikwenda mbele, kidevu kikashika ukingo wa meza, akabaki ananing'inia kwa kidevu, macho yananitafuta. Hakulia. Watoto walidhani ni mchezo, wakapiga makofi. Nilimwinua nikajaribu tena nikimsukuma nyuma, akapinda kama upinde, akaangukia kulia, akagonga kichwa kwenye mkono wa kile kiti cha maua.

Mlezi akasema, "Mama, inatosha." Na wifi, shangazi, ningetamani anitukane. Alinishika bega akasema, "Umejitahidi, wifi yangu. Usijiumize tena."

Kosa si lako. Zile nyuzi hazikuwa za Bibie. Nilijaribu kumpima, nakuapia, lakini miguu yake hujikunja na kujibana kama mkasi, nikinyoosha mmoja na mwingine unavutika, uzi hauna pa kukaa. Nikalia pale kitandani. Kisha nikaenda kwa jirani nikampima mtoto wake, wamezaliwa mwezi mmoja. Nilisema moyoni, mpaka kiti kifike na yeye atakuwa amenyooka, wangapi huchelewa wakaja wakanyooka? Yule mtoto wa jirani alisimama wima kabisa nikimpima. Alikuwa anakula muhogo.

Kichwa anakishika kidogo halafu kinaanguka. Anaangukia kulia. Haya, nimekujibu.

Wifi amesema mvua zikikatika anakuja na gari.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Sikukasirika. Nilikasirika nusu siku, nikamfokea Randa bila kosa, yakaisha.

Sasa nisikilize. Uzi hauwezi kumpima mtoto huyo, tuachane na nyuzi. Lakini huyo mtoto anakula, siyo? Anakula akiwa amekaa juu yako. Basi kiti chake kipo tayari, ni wewe. Mapaja yako, tumbo lako, mkono wako wa kushoto. Mimi nataka kujua wewe umejengwaje.

Chukua gauni jeupe kuukuu, mvalishe. Paka masizi ya sufuria kwenye mikono yako mpaka kwenye viwiko, na kwenye kanga yako mapajani na tumboni. Kisha mpakate kama unavyompakata siku anapokula vizuri kuliko siku zote. Usijipange. Usikae kama unapigwa picha. Mlishe mpaka ashibe. Ukimaliza mvue gauni taratibu, likunje na magazeti katikati, unitumie. Palipo peusi ndipo unapomshika. Palipo peusi zaidi ndipo uzito wake ulipo.

Na uniandikie, ukiachia mkono upi ndio anaanguka.

Kile kiti cha maua nirudishie na basi. Mbao zake nazihitaji.

Shangazi


11 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Gauni hilo hapo ndani. Tulichafuka wote wawili, Bibie alishika masizi akajipaka usoni akafanana na fundi wa magari, nilicheka mpaka nikaogopa kwamba nitaharibu alama.

Nakwambia ninavyomshika, sikuwahi kufikiria mpaka uliponiuliza. Siketi kwenye kiti, naketi kwenye kigoda kifupi ili magoti yangu yawe juu kuliko kiuno, yeye anazama kwenye shimo la mapaja, matako chini, magoti juu. Hapo hapindi tena kama upinde. Mkono wangu wa kushoto unapita kulia kwake chini ya kwapa. Ngumi ya mkono huo huo naiweka katikati ya magoti yake yasibanane. Kichwa anakilaza hapa ndani ya bega langu. Nikiachia mkono wa kulia haidhuru, nikitoa ile ngumi tu, kila kitu kinamwagika.

Kazi ya pasi imekwisha. Bosi amemchukua mwingine, hakunifokea, alinipa na shati la Baba Bibie lililokuwa limesahaulika pale. Sasa nafua nguo za watu hapa uani na Bibie namlaza karibu yangu juu ya nguo kavu. Shangazi, hili sijamwambia mtu, hata baba yake. Juzi niligeuka kuanika, upande mmoja tu wa kamba. Niliporudi alikuwa amegeukia ndani ya shuka bichi lililodondoka, uso wote ndani, na hakuweza kuutoa. Hakuna sauti. Nilimvuta midomo imekuwa ya bluu. Akapumua. Akanitazama, akacheka.

Tangu siku hiyo sijamweka chini. Napika naye, nafua naye, chooni naingia naye. Mikono imechoka mpaka kijiko kinamwaga. Na nimeanza kufikiri labda wifi ana haki, labda huko kuna watu wanaojua kumweka mtoto chini. Mvua zimekatika. Wifi amesema mwezi ujao mwishoni. Sikumkatalia.

Kiti nimekirudisha. Nilipokuwa nakifunga nilifunua chini nikaona kitambaa cha ndani, kile cha kahawia chenye mistari. Nakijua hicho kitambaa. Nimekua nikikikalia, hapo kwako, kwenye makochi yako. Shangazi, wewe sasa hivi unakalia nini?

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa fundi Randa, mimi nasema yeye anaandika, nimemwonya asiongeze chumvi. Mimi nina kazi nyingi tu.

Gauni lilifika. Tulilitundika karakanani, wateja wakauliza ni mtindo gani huo. Nilikaa nalo siku nyingi. Mkono wako wa kushoto umeweka alama pana kuliko nilivyodhani.

Kiti kimetoka leo. Ni kibaya. Nakwambia mapema usije ukashtuka. Hakina ua hata moja. Kimeinamia nyuma, pa kukalia pamechimbwa shimo, na mbele pameinuliwa ili magoti yawe juu. Kulia kuna bawa nene la sponji linalopita chini ya kwapa, huo ndio mkono wako. Katikati ya mapaja kuna donge la mviringo, limeshonwa ngozi ya kufutika, hiyo ndiyo ngumi yako. Mto wa kichwa una kishimo upande mmoja. Mkanda unapita nyongani, siyo tumboni, usije ukakosea. Sponji zote zina zipu, vua ufue. Siku ya kwanza mkalishe kidogo tu umtoe. Ngozi ikiwa nyekundu mahali, niambie ni wapi.

Ulichoniuliza mwisho hakihusiani na kiti.

Mama Bibie, hapa ni mimi Randa, ametoka kidogo. Vidole vyake vimevimba havikunjiki tangu baridi iingie, ile ngozi ameivuta kwa meno. Makochi yake ya nyumbani ameyabomoa yote mawili, sponji nzuri za zamani, anasema siku hizi hazipatikani. Anakalia ndoo. Nilimpelekea kiti akanirushia. Usimwambie nimesema. Anarudi.

Basi, hayo tu. Mwambie wifi yako asubiri kidogo, basi la mizigo siku hizi linachelewa.

Shangazi


29 Juni

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena na ya tatu. Msalimie sana fundi Randa, mwambie mimi sijui lolote.

Basi lilichelewa kama ulivyosema. Nilikwenda stendi kila asubuhi na Bibie mgongoni mpaka wapakizi wakawa wananiita Mzigo Haujafika. Wifi alikuja kabla ya kiti. Alikuja na gari na dereva, na begi dogo jipya alilomnunulia Bibie, na nguo ndani zimekunjwa vizuri. Nilimwambia anipe muda nikamwogeshe. Nikamwogesha polepole. Nikampaka mafuta kila kidole. Nikamvalisha, nikamvua, nikasema nguo hii haifai, nikamvalisha nyingine. Wifi alikuwa amekaa kitandani ananitazama, hakunihimiza, dereva nje anapiga honi. Mwisho nguo ziliisha.

Nilikuwa nimeshampa, shangazi. Alikuwa mikononi mwa wifi, tupo mlangoni. Hapo ndipo mpakizi mmoja wa stendi akatokea na mkokoteni anapiga kelele tangu kona ya mtaa, "Mzigo Haujafika! Umefika!"

Kweli ni kibaya. Dereva alisema, "Hicho ni kiti au ni kitu cha mashine?" Nilimpokonya wifi mtoto bila adabu, nikamtia pale pale, njiani, kwenye vumbi, watu wanapita. Nikafunga mkanda nyongani. Nikaondoa mkono wa kulia. Nikaondoa wa kushoto. Nikabaki nimechuchumaa, mikono hewani, kama mtu anayesubiri kudaka.

Hakuanguka. Kichwa kiliyumba kikapata kile kishimo kikalala. Akatazama magurudumu ya mkokoteni. Akamtazama dereva. Kisha akanitafuta, na mimi nilikuwa mbele yake, shangazi. Tangu azaliwe, akiwa ameketi, mimi huwa nyuma yake au chini yake. Sijawahi kuwa mbele.

Wifi aliweka begi chini. Akatoa ndizi kwenye mkoba, akamenya, akamkatia kipande, akamlisha pale pale amepiga magoti na nguo zake nzuri. Bibie akala. Wifi akampa kipande cha pili huku machozi yanadondoka juu ya ndizi. Baadaye akamwambia dereva aondoe gari lisizibe njia. Amesema atarudi kuangalia. Hakusema ameghairi, lakini begi na nguo ameviacha hapa.

Nisikufiche tena. Miguu bado inajikunja. Chini ya goti la kulia ngozi ilikuwa nyekundu, nimeongeza kitambaa, uniambie kama ni sawa. Kazi sina bado, natafuta, jana nimeulizia kwenye nyumba moja ya wageni wanakotaka mfuaji. Usiku naamka kumshika kama anapumua. Mlezi amempokea kwa majaribio, asubuhi tu, na kasema wazi kwamba akishindwa ataniambia.

Siku ya kwanza nilimwacha pale nikatoka, mikono mitupu, sikujua niiweke wapi. Nikafika mpaka kona nikarudi nikasimama ukutani chini ya dirisha. Nilisikia vijiko. Nilisikia mlezi anagawa uji. Halafu nikasikia kishindo, na kingine, na sauti ya Bibie, siyo kicheko, ni ukali. Nikaingia mbio.

Alikuwa amekaa. Alikuwa anapiga meza kwa kiganja kwa sababu mwenzake amepewa kikombe kabla yake. Mlezi akanigeukia amekunja uso, akasema kwa sauti ya kunisuta mbele ya watoto wote, "Wewe mama, huyu mwanao mkorofi! Nyumbani hamumfundishi kusubiri zamu?"

Nikamwambia, nisamehe mama. Nitamfundisha.

Mwanao,
mama yake mkorofi